Waliponisindikiza Bila Mtoto Wangu

Nilikitupa kile kikapu kwa nguvu zangu zote. Ndani yake kulikuwa na kuku aliyefungwa miguu, viazi vya kuchemsha na mapichesi. Kilibingirika ukingoni mwa barabara, kuku akapiga kelele, mapichesi yakatawanyika kwenye matope, nami nikapiga ukelele ambao sikujua kwamba ninao.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Walikuwa wanawake wengi, wamekuja kunisindikiza hadi mahali lori linapopita. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mmoja alishuka ukingoni taratibu kumfuata kuku. Bibi mmoja asiye na meno ya mbele alinishika bega, akatabasamu kama mtu anayeangalia harusi.

"Lia, mwanangu. Lia sana. Ndivyo ilivyo."

Na nyuma yake nikasikia mwingine akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, nadhani makusudi ili nami nisikie: "Huyu analia vizuri kuliko yule mke wa fundi seremala. Yule alikwenda kimya kimya kama anakwenda kisimani."

Jamani. Walikuwa wamemficha mtoto wangu, wamenipa kuku, wanataka nipande lori nirudi Makambako peke yangu. Na wananisifu kwa kulia! Mimi si mtu wa kupiga kelele barabarani, mnanijua. Lakini pale uvumilivu uliniishia, na ulivyoniishia nikakuta kwamba hata hasira yangu wanawake wale walikuwa wamekwisha kuipangia mahali pake.

Mmeniuliza wengi. Mama Devota uliniuliza sokoni nikakujibu ovyo, unisamehe. Wenzangu wa kwaya mlikuwa mnaniangalia tu. Sasa naandika mara moja, mpeane msome, nisirudie tena kwa mdomo.

Makambako: nilivyofungiwa mzigo

Mume wangu, Edson, ni Mkinga wa kule Makete, mnamjua, ana banda la mitumba karibu na stendi. Mimi ni Mbena wa Mahongole, nimelelewa na masista nusu na mama nusu, nikasoma mpaka kidato cha nne. Tangu nijifungue Sesilia sikuwahi kufika kwao. Kila nikiuliza, njia mbaya, mvua, mzigo unakuja. Tangu biashara iachiwe huru, mume wangu hana Jumapili wala Jumatatu. Marobota yakishuka yeye yupo, na kama hayajashuka anayangoja.

Basi siku moja akasema mwenyewe: "Mama Sesi, kamsalimie mama. Hajamwona mjukuu wake."

Nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga. Nikamwuliza wewe je, akasema atabaki na banda. Alinunua yeye mwenyewe vitu vya kumpelekea mama yake: mche wa sabuni, chumvi, sukari, doti ya khanga. Akafunga na mzigo wa mtoto yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kukunja hata nepi.

"Weka nguo zake zote," akasema. "Kule baridi si ya mchezo."

"Zote? Hata gauni la ubatizo?"

"Zote. Na blanketi lake."

Alikuwa ameinama anakaza kamba kwa goti, kwa hiyo uso wake sikuuona. Nimelifikiria sana lile goti. Nitalirudia baadaye.

Njombe: mahali pa malori

Hadi Njombe sina la kusema. Basi lilikwenda, mtoto alilala, nikashuka nikiwa na jamvi la kumlaza na moyo mwepesi.

Kazi ilianzia pale Njombe. Magari ya kupanda Makete enzi hizo yalikuwa malori ya viazi. Yanapanda na saruji, soda na sukari, yanashuka na viazi, na abiria wanakaa juu ya chochote kilichopo. Lori tulilopata lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, Mzee Shaibu, mwenyeji wa Kondoa aliyehamia Makambako. Springi yake ilikuwa imekatika. Fundi alikwenda kutafuta nyingine akapotea, akarudi na isiyolingana, akaondoka tena. Mvua ikanyesha. Tulijibanza kwenye kibanda cha mama muuza chai, chai yenye tangawizi kali mpaka Sesi akapiga chafya kwa mvuke tu.

"Unapanda kwa nani, mwanangu?" Mzee Shaibu akaniuliza, mikono imejaa grisi.

"Kwa mama mkwe, mzee. Nampeleka mjukuu wake."

Akamtazama Sesi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi utalipa nauli yako ya kupanda na ya kushuka. Ya huyu sichukui. Watoto wanaopelekwa kwa bibi zao mimi siwatozi. Ndiyo sadaka yangu kwenye barabara hii."

Nikaona, kumbe wenye magari nao wana roho. Nikamshukuru mpaka akaona haya.

Pale kibandani kulikuwa na mama mmoja wa Kikinga aliyetoka kununua dagaa wa Nyasa, mfuko mzima, tulikaa tunanuka wote. Aliniuliza kama Sesi ni wa kwanza. Nikamwambia ndiye wa kwanza.

"Pole, mwanangu. Wa kwanza ndiye anayeuma. Hawa wengine utazoea."

Nikadhani anasemea uchungu wa kujifungua. Nikamjibu, "Kweli mama, niliumwa sana, hata mkunga alishangaa." Akanitazama vibaya kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi akajibu habari za mvua. Kisha akanipa dagaa kwenye kipande cha gazeti.

"Wakati wa kuondoka usigeuke nyuma," akaniambia. "Ukigeuka unamtia mtoto homa."

Sisi Wakatoliki tunaambiwa tusifuate ushirikina. Nikamshukuru kwa dagaa, la kugeuka nikaliacha hapo hapo.

Kupanda

Springi ikapatikana, tukaondoka. Nisiwachoshe na barabara, ila mjue kwamba ukivuka milima ya Kipengere ukungu unaingia mpaka kwenye nguo za ndani. Lori likakwama. Wanaume wakashuka kusukuma, likatoka, likakwama mbele tena. Mwisho Mzee Shaibu akazima, akatandika mkeka wake akaswali upande wa barabara kwenye matope, akarudi akasema: "Hapa tunalala, ndugu zangu. Nimeshamwambia Mungu, na gari nalo nimeliambia."

Kulikuwa na nyumba moja. Watu wale hawakutujua hata mmoja, lakini walitusogezea moto wakatupa viazi vilivyookwa kwenye majivu na ugali wa ngano, mweusi kidogo, mzito. Baba wa nyumba akatuletea ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kopo, nikakataa kwa sababu nanyonyesha.

"Bado unanyonyesha?" mke wake akauliza. "Mpaka leo? Na kesho unafika?"

"Ndiyo, bado."

Akamwambia mume wake kitu kwa Kikinga. Kikinga na Kibena ni ndugu, ukisikiliza taratibu unakamata neno moja moja, nami nikakamata neno la kuonea huruma. Huruma ya nini? Tangu Njombe kila mtu ananipa pole. Nikajitazama: sina kidonda, sijafiwa. Nikadhani wananionea huruma kwa kuwa nimeolewa mbali, nikakasirika kimoyomoyo. Mbena wa Mahongole anaonewa huruma na watu wanaoishi ndani ya wingu!

Iwawa, mjini Makete, tulifika, lori likashusha mizigo, na wifi yangu Yusta alikuwa ananisubiri. Yusta ni dada mdogo wa Edson, amemaliza darasa la saba, Kiswahili chake kizuri kuliko cha makarani wengi. Kabla hata hatujasalimiana sawasawa alimfungua Sesi mgongoni kwangu akambeba yeye.

"Wewe umechoka, wifi. Sasa ni zamu yetu."

Kutoka pale ni mguu, mteremko na mlima, mteremko na mlima. Nilitembea mikono mitupu nyuma ya mtoto wangu, nikajiona malkia.

Kijijini

Kijiji sitakitaja. Kina watu niliowakosea na walionikosea, na bado tunahitajiana.

Nyumba ziko mbalimbali kwenye miteremko. Asubuhi huoni ya jirani, unasikia tu mtu akikohoa, jogoo, na jembe likigonga jiwe. Kila kitu ni viazi. Unaamka unakuta viazi, unakwenda kuvichimba, unarudi unavila. Mzee mmoja alinionyesha ghala la ushirika, kufuli lina kutu. Zamani pareto yao ilipimwa pale. Siku hizi mnunuzi anakuja na lori lake na magunia yake, na gunia lazima lijazwe mpaka liote nundu juu, lishonewe kwa kamba. Hiyo nundu ndiyo wanaiita lumbesa. Anayekataa lumbesa viazi vyake vinamwozea nyumbani. "Tumeambiwa ni uhuru wa biashara," mzee akaniambia. "Uhuru wenyewe uko kwenye hiyo nundu, sasa sijui ni wa nani."

Mama mkwe wangu ni mfupi, mkimya, mikono yake mipana kama ya mwanamume. Kiswahili anakijua kidogo na kinamchosha. Alinipokea kwa kupiga magoti, mimi nikapiga magoti, tukabaki tumeinamiana pale mlangoni mpaka Yusta akacheka. Alipofungua mzigo akatoa sabuni, chumvi, sukari, khanga, akavipanga kimoja kimoja kwenye kigoda. Kisha akatoa nguo za Sesi zote, akazihesabu kwa macho, akaona mpaka gauni la ubatizo. Akafuta machozi kwa kiganja.

"Umekuja vizuri," akasema. "Umekuja vizuri sana, mwanangu."

Nikaona, jamani, mama mkwe wa watu ana upendo.

Kuanzia siku ile Sesi alilala naye. Asubuhi nikiamka mtoto amekwisha kulishwa uji wa ngano wenye maziwa, kwa kidole, polepole. Nikitaka kumpa ziwa naambiwa ameshiba. Yusta akaniletea kitambaa kirefu akanisaidia kujifunga kifua, nguvu kweli kweli.

"Ya nini yote hii, wifi?"

"Itakusaidia. Huku kwetu kifua kinauma."

Nikajua ni baridi. Nikajifunga.

Kisha shamba. Siku ya kwanza la karibu, nasikia sauti ya Sesi akicheka uani. Siku nyingine la ng'ambo ya kijito. Halafu la juu kabisa mlimani, unatembea mpaka jasho linakauka, unafika unachimba, unarudi mtoto amelala. Nikauliza kwa nini nisibaki japo siku moja. Yusta akasema, "Mama anasema uende mbali kidogo kidogo. Ni vizuri kwako."

Hapo sasa nilianza kuchemka. Nikaona, aha, ndiyo mchezo wenyewe. Wamempata kibarua wa bure mwenye cheti cha kidato cha nne. Nilichimba viazi vya watu kwa hasira, nikikata vingine katikati makusudi. Kwenye lile shamba la juu nilikuwa na wanawake wanne au watano, wanafanya kazi kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, wanapiga soga mchana kutwa.

"Wa kwangu alilia siku mbili tu," mmoja akaniambia, anapanguza udongo.

"Alilia nini?"

"Si kulia tu! Baadaye akasahau. Sasa hivi ukimwita anakuangalia kama mgeni." Akacheka, wenzake wakacheka. "Akija likizo huko kwangu anataka kurudi kwa bibi yake."

"Wewe Mama Sesi mwakani ukija utamkuta anachunga mbuzi," akasema mwingine.

Nami nikacheka. Nilicheka nao! Niliona ni utani wa mashambani. Kama mtu angenishika mabega akanitikisa akasema, dada, mtoto anabaki, nisingekuwa na la kusimulia leo. Lakini nani amtikise mtu kwa jambo analolijua? Wote waliona ninajua. Nimekuja peke yangu bila mume, mtoto wa umri wa kuachishwa ziwa, na sabuni, chumvi, sukari na khanga, na nguo zote mpaka za ubatizo. Kwao hiyo ni sentensi iliyokamilika, ina nukta mwishoni. Mama anapeleka mtoto kwa bibi aachishwe ziwa, mtoto anabaki kule akue, mama anarudi kwenye kazi zake. Edson alilelewa hivyo. Yusta hivyo. Hata mama mkwe wangu mwenyewe hivyo.

Kwetu Mahongole mama yangu aliniachisha ziwa kwa kujipaka shubiri, nikalia, tukaendelea kuishi nyumba moja. Mimi ningejuaje?

Asubuhi ya kuku

Niliambiwa Mzee Shaibu anashuka, nikafunga vitu vyangu. Vya Sesi sikuviona. Yusta akasema mama amevitunza. Nikaona labda vinafuliwa. Mama mkwe hakuwepo, mtoto hakuwepo. "Watatukuta barabarani," nikaambiwa.

Wanawake wakaja mmoja mmoja. Wakanipa kikapu. Wakanitembeza katikati yao, mbele wengine, nyuma wengine, wakiimba wimbo wa polepole ambao sikuuelewa, mpaka barabarani. Nikageuka kumtafuta mtoto. Wale wa nyuma wakanizungushia mabega yao nisione.

"Usigeuke, mwanangu. Usigeuke."

Yule mama wa dagaa! Neno lake lile lile. Ndipo nikaelewa kwamba mtoto anabaki, na mengine mmekwisha kuyasoma: kikapu, kuku, ukelele.

Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonipapasa. Nikasema nitakwenda polisi, yule bibi asiye na meno akasema hata yeye alisema atakwenda kwa mkoloni. Nikamsukuma mmoja, akacheka, akasema, "Mimi nilimng'ata mtu." Nikajitupa chini, wakanikalisha vizuri wakanifuta matope. Kila nilichofanya walikuwa wamekwisha kukifanya kabla yangu. Nilikuwa kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi, na wa ndani wanaimba wakifuata mapigo.

Yusta alikuwa pembeni, analia na yeye, sijui kwa furaha au kwa nini. Nikakaa pale chini barabarani, nikamwita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ninaomba chumvi.

"Wifi Yusta. Njoo. Mimi sikuambiwa."

"Hukuambiwa nini?"

"Kwamba Sesi anabaki. Edson aliniambia nije kusalimia. Basi. Hakuna mtu aliyeniambia kitu kingine, si Makambako, si hapa. Mimi nimekuja kusalimia."

Yusta aliacha kulia. Akawatazama wenzake. Wimbo ulikatika, wa nyuma wakaendelea kidogo kisha nao wakakoma. Yule aliyemshika kuku akamweka chini polepole kama kitu cha wizi.

"Kamwiteni mama," Yusta akasema.

Mama mkwe alitoka nyumba ya ng'ambo, hana mtoto mkononi. Yusta akamweleza. Akauliza. Yusta akarudia. Akauliza tena, na safari hii nilielewa bila kutafsiriwa: Edson hakumwambia? Kisha akanigeukia mimi, akajikaza na Kiswahili chake.

"Wewe hukuleta?"

"Hapana, mama. Nimekuja naye. Sikumleta."

Alikaa chini. Pale pale, kwenye matope, mbele yangu, na khanga mpya niliyomletea kiunoni. Aliongea kwa lugha yake, Yusta akanitafsiria akiangalia pembeni.

"Anasema yeye aliachwa kwa bibi yake na mama yake mwenyewe. Anasema Edson naye aliachwa kwa bibi yake; yeye ndiye aliyempeleka, kwa miguu yake, akilia njia nzima, lakini alimpeleka. Anasema hapa hakuna mtoto aliyechukuliwa. Kila mmoja ameletwa." Yusta akamtazama mama yake. "Anasema, yeye hajawahi kuiba hata yai."

Wale wanawake walianza kuondoka. Hawakuaga. Mmoja, kisha wawili, wanashuka mteremko wakiangalia miguu yao. Afadhali wangenitukana.

Mama mkwe akanyanyuka akamfuata mtoto mwenyewe. Alirudi naye amemvalisha sweta la bluu ambalo sijawahi kuliona, nyuzi za mitumba zilizofumuliwa zikafumwa upya, lina shingo ndefu. Alikuwa amelifuma tangu lini? Akaninyooshea Sesi. Nami nikampokea kwa pupa, nikamkumbatia.

Na Sesi akalia. Akajipindapinda mikononi mwangu akanyoosha mikono yake yote miwili kwa bibi yake.

Hili sikutaka kuliandika. Lakini mliniuliza kilichotokea.

Kushuka

Lori lilichelewa. Mama mkwe hakuniacha. Alikaa nami pembeni mwa barabara, ameokota mapichesi yale, anayafuta kwa khanga moja moja anarudisha kikapuni. Kuku pia. Nilitaka kumwambia samahani, na nilitaka kumwambia ana wazimu. Mzee Shaibu alipofika akaniona na mtoto, akashangaa.

"Vipi, umeshuka naye?"

"Nimeshuka naye."

"Kuna ugonjwa?"

"Hakuna ugonjwa, mzee. Nitalipa nauli yake."

Aliona sura yangu. Nauli ya mtoto hakuichukua vilevile. Maziwa yangu yalikuwa yamepungua sana, mtoto anavuta anakasirika, nikamtafunia kiazi nikamlisha kwa kidole, kama alivyofundishwa. Nikageuka nyuma, makusudi. Mama mkwe alikuwa bado amesimama, mdogo, na ukungu unapanda.

Makambako

Edson aliniona na mtoto akabaki na suruali ya watu mkononi.

"Mbona umerudi naye?"

Hakusema karibu. Hakusema poleni na safari. Nikajua kwamba alijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua, Mama Sesi. Hata madereva wanajua."

"Mimi ni Mbena. Ulinioa Mahongole, hukunitoa Iwawa."

"Sasa ningekuambia, ungekwenda?"

Mnaona? Alidhani najua, au aliogopa nikijua sitakwenda? Majibu mawili hayo hayawezi kukaa mdomo mmoja. Nikamwambia achague. Akaanza habari nyingine: amepata banda la pili, nani atakaa humo, mtoto ananifunga mikono nisiuze, wenzake wote wake zao wako sokoni, huu ndio wakati wa kupata, ukipita umepita. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nililelewa na bibi yangu. Nimeharibika nini?"

Huenda hakuharibika. Huenda ndiyo maana anaweza kukunja nguo zote za mtoto, akakaza kamba kwa goti, na asione kitu. Au aliona. Nalifikiria lile goti nikilala, silipatii maana.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikunichanganya hata kidogo. Nikamfunga Sesi mgongoni nikaenda kwenye ofisi ya kata, kwenye baraza la usuluhishi.

Katibu alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza yote. Kisha akaanza kuandika, akisoma kwa sauti: "Mgogoro kati ya mama wa mtoto na mama mkwe..."

"Futa, mzee."

"Nifute nini?"

"Sina mgogoro na mama mkwe. Mlalamikiwa ni mume wangu."

"Haya. Mlalamikaji ni wewe."

"Walalamikaji ni wawili. Mimi na mama yake mzazi."

Akavua miwani. "Mama mkwe wako amekutuma?"

"Hajanituma."

"Binti yangu, huwezi kulalamika kwa niaba ya mtu ambaye hakukutuma."

"Basi andika hivyo hivyo, kwamba hakunituma. Yuko mbali, hawezi kufika, na Kiswahili kinamchosha. Wewe andika nitakavyosema, mwenyekiti akitaka kukata atakata yeye."

Alinitazama, akamtazama Sesi aliyekuwa anamvutia kalamu, akavaa miwani yake. Aliandika, nami nikatia sahihi. Nimenakili hapa yote:

"Mimi, mke halali wa mlalamikiwa, nalalamika kwamba alinituma kwa mama yake nikiamini nakwenda kusalimia, huku akijua kwamba kule nitapokelewa kama mama aliyempeleka mtoto wake abaki. Alinyamaza. Vilevile nalalamika kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye hakunituma. Huyu mama alimpokea mtoto kwa heshima, kwa desturi yao, hakufanya kosa. Mwanawe amemfanya aonekane mwizi wa mtoto mbele ya majirani zake wote.

"Sidai talaka wala fidia. Naomba baraza limwamuru mlalamikiwa afunge banda lake, apande lori yeye mwenyewe, awaite wanawake wale wale, asimame nao barabarani pale pale, na awaambie kwa lugha yao ni nani aliyedanganya. Mimi nitakwenda naye nihakikishe. Mtoto atakwenda kumsalimia bibi yake, na atarudi nami."